Mtu Asiye na Shemeji

Mtoto wa kaka yangu ana tabia ya kusema pole kabla ya kumpiga mtu, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Pole. Wageni hudhani ni kwa sababu ya upole. Wakikaa kidogo huacha kudhani. Yeye ndiye mkubwa wa kundi la Juu, wale wanaoishika barabara ya maduka kuanzia kituo cha mafuta hadi kwenye kona ya duka langu la ushonaji. Kuanzia kona hiyo kuteremka hadi kwenye maghala ni himaya ya kundi la Chini, na mkubwa wao anaitwa Kufuli, kwa kuwa ujanani mwake hakukuwa na kufuli lililomkatalia. Kufuli amemwoa dada yake Pole. Kwa hiyo majambazi wote wawili wananiita Shangazi, wote wawili niliwashonea kaptula za shule, na wote wawili walizichana makalio siku ya kwanza.

Duka langu liko mpakani kabisa. Sikuchagua mimi. Baba yangu alijenga hapo wakati hao wenye mipaka hawajazaliwa, na mimi sihami kwa ajili ya watu niliowafuta kamasi.

Niseme mapema kwamba kanuni iliyoleta balaa lote hili niliitunga mimi, na niliitunga vizuri. Zamani Juu na Chini walipigana ovyo, bila kuangalia nani ni nani. Siku ya harusi ya Kufuli, bwana harusi alikuja na mkono ukiwa umefungwa kitambaa shingoni, na shemeji yake Pole, aliyeuvunja mkono huo wiki iliyotangulia, akasimama upande wa bibi harusi na jicho moja limevimba hadi limefumba. Msimamizi wa bwana harusi alikuwa hana meno ya mbele. Hotuba yake ilikuwa ndefu na hakuna aliyeelewa neno. Picha ya siku hiyo ipo hadi leo sebuleni kwa Kufuli, na ukiitazama utadhani ni wodi ya majeruhi waliopewa ruhusa ya kwenda kula keki.

Basi nikainuka palepale, nikagonga meza kwa kijiko, nikawaambia kwamba kuanzia leo yeyote mwenye ndugu upande wa pili, wa damu au wa ndoa, haguswi. Wagombanie maduka, wagombanie maghala, waibiane wapendavyo, lakini shemeji haguswi. Wote waliapa mbele ya wazee na mbele ya keki. Nilisifiwa sana. Kwa miaka mingi nilikuwa nikijisifu mwenyewe pia, pale ambapo watu walisahau.

Jambo moja sikulifikiria. Vijana wanaoishi mtaa mmoja hupendana, na hawaulizi kwanza baba wa msichana ni wa Juu au wa Chini.

Alhamisi moja Pole aliingia dukani na watu wake wanne, akisema wamekuja kupimwa suruali. Alikuwa na hasira ya kimya. Stoo yake ya matairi ilikuwa imesafishwa. Matairi yenyewe Pole hakuyanunua, lakini hilo tuliache. Alijua ni kazi ya Chini kwa sababu kufuli lilifunguliwa bila mkwaruzo, na baada ya wizi likafungwa tena kwa adabu. Alisema asipovunja mtu mkono safari hii, kesho watamvua viatu akiwa amevivaa. Kwa hiyo, huku mimi nawapima viuno, wao wakaanza kutafuta wa kumpiga.

Pole alianza na dereva wa Chini. Wakamkumbusha kuwa dereva amemwoa binti wa mama yake mdogo. Akataja yule mrefu anayekaa getini. Kijana niliyekuwa nampima akainua mkono taratibu, futi ya kupimia ikiwa bado kiunoni, akasema samahani bosi, yule ni kaka wa mke wangu. Yule mwenye kovu, je? Huyo alinyonya ziwa moja na mke wa Pole mwenyewe, wakati mama yake alipolazwa. Mlinzi wa ghala? Ni mjomba wa mchumba wa mdogo wake Pole. Pole akasema uchumba si ndoa. Wakamjibu kwamba mahari imeshapokelewa, tena Pole mwenyewe ndiye aliyeipeleka. Pole akakaa juu ya meza yangu ya kukatia, juu ya kitambaa cha mteja, akashika kichwa.

"Yaani mtaa mzima sina adui hata mmoja," alisema.

Nilikuwa na pini mdomoni, nikawa nacheka kwa pua. Nilikuwa naiona kanuni yangu ikiwafunga kamba miguuni, na niliona raha ambayo sitaificha. Ndipo yule kijana wa futi, kwa kutaka tu kusaidia, akauliza kuhusu yule fundi wa mageti.

Nikaacha kucheka.

Fundi wa mageti tunamwita Cheche. Amepanga chumba cha uani kwangu tangu alipokuja mtaani akisukuma mashine yake ya kuchomelea kwenye mkokoteni. Ni mtu wa miaka arobaini na kitu, nywele zimeanza mvi pembeni, mpole kwelikweli, si mpole kama yule mwingine. Alilelewa katika kituo cha watoto yatima, na hana mtu. Sisemi hana watu wengi. Hana mtu. Vifungo vya shati hujishonea mwenyewe, vibaya, kwa uzi mweusi kwenye shati jeupe. Mimi huniita Mama Mwenye Nyumba, jina zima, kila mara, hata anapopiga kelele kutoka bafuni kwamba maji yamekatika na ana sabuni machoni.

Mageti ya maghala ya Kufuli aliyachomelea yeye, na dereva wa Chini akilewa, Cheche huendesha pikapu. Kwa hesabu za Pole, hiyo ilitosha kumfanya mtu wa Chini. Na ndugu upande wa Juu hakuwa naye. Wakamtafuta kila pembe, hata shemeji wa kusingizia hakupatikana. Wakapanga: mkono wa kulia uvunjwe, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, katika yadi ya gereji, pande zote mbili zikiwepo ili pasiwe na wa kuzidisha.

Nilimwambia Pole kwamba mkono ule ndio unaomlisha yule mtu, na kwamba hajamkosea mtu yeyote, wala hajui tairi moja limekwenda wapi. Pole alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanishika bega, kwa heshima zote.

"Shangazi," alisema, "kanuni ni yako."

Nilishuka Chini siku hiyohiyo, na futi yangu bado iko shingoni. Nilijua Kufuli hawezi kukubali mtu wake avunjwe hivihivi. Nilimkuta sebuleni chini ya ile picha ya harusi, anakunywa chai, amestarehe. Alikuwa ameshapata ujumbe na ameshakubali. Alikuwa na furaha, kusema kweli. Akanieleza kwamba kila walipotaka kumaliza ugomvi na Juu walishindwa, maana ukimgusa huyu, mke wako halali nyumbani wiki nzima. Lakini Cheche, hakuna nyumba itakayolia. Viti vya yadi atatoa yeye, na gharama za hospitali pia ni juu yake, kwa sababu yeye si mnyama.

Hakuna nyumba itakayolia. Nilirudi nayo hiyo kauli hadi kwangu. Nimeshona nguo za misiba ya mtaa huu tangu nikiwa msichana, najua nyumba ngapi hulia hata kwa mlevi, hata kwa mwizi wa kuku. Nilikuwa nimetunga kanuni ya kuwalinda wote wenye watu, na nikamwacha nje mmoja tu, yule aliyeihitaji.

Cheche nilimkuta uani anachomelea geti la zahanati. Nilimwambia akusanye vitu vyake aondoke kabla ya Jumamosi, mkokoteni nitamtafutia. Akainua kinyago chake cha kuchomelea, akanisikiliza, akafikiri. Hakuonekana kushangaa, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Mama Mwenye Nyumba," alisema, "mimi nimekuwa nikiondoka mahali tangu nilipoweza kubeba begi. Hapa mtu wa chai anajua sukari yangu ni vijiko vingapi. Wakinivunja hapa, watu watajua nimevunjika. Huko kwingine nani atajua?"

Akashusha kinyago akaendelea na geti la watu.

Maji yalikuwa yamezidi unga, basi Ijumaa nikaamua kumwoza. Msinicheke. Alihitaji shemeji mmoja tu wa Juu, na mimi nimewashonea wanawake wote wa Juu, najua nani ni mpweke kuliko anavyosema. Msusi wa jirani, binamu wa mke wa Pole, alikubali haraka, ila alitaka ukumbi, na ukumbi haukuwa na nafasi hadi mwisho wa mwezi. Muuza viatu vya mitumba alikuwa tayari siku ileile, bila ukumbi, bila chochote, mpaka ilipojulikana kwamba mumewe hajafa, amesafiri tu. Wa tatu alicheka hadi akakaa chini. Na Cheche mwenyewe nilipomweleza mpango akakataa. Alisema hawezi kumwoa mwanamke kwa ajili ya mkono, maana siku moja atamuuliza mkono wenyewe una faida gani. Nikamgombeza kwa kukanyaga sakafu na viatu vya kazi.

Jumamosi ikafika. Kufuli alikuwa ametimiza ahadi ya viti. Yadi ya gereji ilipangwa vizuri kama kwa mkutano wa wazazi, Juu huku, Chini kule, na katikati injini moja kuukuu ikiwa imefunikwa turubai. Wanawake nao walikuja, maana mtaa wetu huwezi kufanya jambo la siri ukitumia viti. Mashemeji wakawa wanasalimiana kuvuka uwanja, habari za watoto, yule aliyekuwa na surua amepona? Muuza mkaa, jirani yangu, ambaye habari zote hupita mdomoni mwake kabla ya kwenda kwingine, alikaa mbele kabisa.

Hata Mzee Saa alikuwepo. Huyu ni baba yake Kufuli, aliyefiwa na mke, ndiye aliyelianzisha kundi la Chini zamani, na sasa anatengeneza saa kwenye kibanda kinachotazamana na duka langu. Ana majivuno mengi kwa mtu wa umri wake. Kila wiki hupaka nywele rangi nyeusi, na jua likiwa kali rangi humchuruzika hadi kwenye kola. Kola hizo nazijua vizuri kwa sababu huletwa kwangu kugeuzwa. Kila asubuhi hunisalimia, na mimi humjibu kwa kichwa. Zamani, kabla hajaoa, aliwahi kuleta wazee kwetu kuniposa. Baba yangu akawafukuza na fagio, na yeye akaondoka nao bila kugeuka nyuma hata mara moja. Mimi nilikuwa dirishani. Baada ya hapo walikuja wengine, nikawakatalia, na habari za posa zikaishia hapo.

Cheche alikuja mwenyewe, kwa miguu, bila kushikwa na mtu. Alikuwa amevaa shati lake jeupe, na mkono wa kulia wa shati alikuwa ameukunja hadi juu ya kiwiko, vizuri, mikunjo iliyo sawa. Alikuwa ameukunja ili shati lisije likachanika.

Nilipoliona hilo shati moyo wangu ulivunjika vipande. Nasema wazi.

Pole akasimama mbele yake, akavua saa yake, akampa mtu amshikie. Akasema, "Pole, fundi."

"Huyo ni mwanangu," nilisema.

Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimeshasimama, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ninayowaitia watoto wasiguse pasi ya moto. Yadi nzima ikageuka. Nikaona nimeshaingia majini, basi acha niogelee. Nikasema nimemzaa mimi, kwa uchungu wangu mwenyewe, na anayetaka kumgusa aje anivunje mimi kwanza.

Ni lazima mwelewe mimi ni nani katika mtaa ule. Mimi ndiye niliyekataa kumshonea bibi harusi gauni lenye shingo ya wazi, akaolewa amefungwa vifungo hadi kidevuni. Mimi ndiye huwauliza wasichana wanaopita jioni wanaelekea wapi na kwa nani. Kwa miaka arobaini nimekuwa polisi wa heshima za watu, bila mshahara. Sasa nilikuwa nimesimama kwenye yadi ya gereji nikijitangazia mtoto wa nje, na kila msichana niliyewahi kumgombeza alikuwa ameketi pale, mama mzima sasa, ananiangalia.

Muuza mkaa ndiye aliyeanza. Akasema kwa sauti ya chini, lakini ya kusikika, "Mwaka ule wa ushonaji."

Nikaona hesabu ikipita kiti hadi kiti. Nilipokuwa na miaka ishirini nilikwenda mji mwingine kusomea ushonaji, nikarudi baada ya mwaka na cherehani, cheti, na unene kidogo, kwa sababu chuo kile walitulisha maharage asubuhi na jioni. Kumbe unene ule walikuwa wameutunza miaka yote hiyo, wanasubiri siku ya kuutumia. Siku hiyo niliwashukuru kimoyomoyo, na siku nyingine zote nitawachukia.

Pole alikuwa amebaki na mkono hewani. Aliuliza, taratibu, kama huyu ni mtoto wa shangazi yake, basi ni binamu yake? Nikamwambia hongera, umejua kuhesabu.

Lakini katika kila kundi yupo mmoja anayependa utaratibu. Kwa Chini ni yule msimamizi wa harusi asiye na meno, ambaye sasa ameweka ya bandia na anaongea kupita kiasi. Aliinuka akasema anamheshimu sana Shangazi, ila kila mtu anajua Shangazi ana huruma, na mwenye huruma anaweza kusema lolote. Kama ni mtoto, mtoto hana upande mmoja tu. Ana baba. Basi baba atajwe, na jambo liishe.

Nikafungua mdomo.  Nilianza kuwapitia kichwani wanaume waliokufa ambao hawangeweza kukana, na kila mmoja nilimwona mjane wake ameketi pale yadini. Pole akaanza kuunyoosha mkono ule polepole kumwelekea Cheche, kwa namna ya mtu anayefikiria upya. Cheche alikuwa hamtazami Pole tena. Alikuwa ananitazama mimi.

"Baba yake ni mimi," mtu akasema.

Mzee Saa alikuwa amesimama. Jua lilikuwa kali na rangi ya nywele ilishafika shingoni, lakini alisimama wima kama siku ile ya posa. Akasema mficha uchi hazai, na yeye ameficha vya kutosha. Akasema kama kuna mwenye swali zaidi amuulize yeye, asimuulize mama wa watu mbele ya kadamnasi. Akakaa.

Nimeona mambo mengi, ila sijaona uso kama wa Kufuli saa ile. Maisha yake yote alikuwa kifungua mimba. Ndiye aliyerithi kundi, ndiye aliyekaa kiti cha mbele kwenye kila shughuli. Alimtazama Cheche, akazitazama mvi zake, akahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo wake, na hesabu ikakataa kumpendelea. Fundi wa mageti, ambaye Kufuli alikuwa amekubali tangu Alhamisi avunjwe mkono kwa sababu hakuna wa kumlilia, alikuwa kaka yake mkubwa. Mkewe, mtoto wetu, akamkanyaga mguu. Kufuli akainuka, akavuka yadi, akasimama mbele ya Cheche.

"Shikamoo, kaka," alisema.

Cheche hakujua la kufanya. Nafikiri hakuwahi kuamkiwa na mtu mwenye walinzi. Akajibu marahaba kwa sauti ndogo sana, akaushusha mkono aliokuwa ameutoa uvunjwe, lakini shati likabaki limekunjwa.

Ugomvi wenyewe ulikufa kwa kukosa chakula. Wa kupigwa hakuwepo tena, si Juu wala Chini. Kufuli alitangaza kwamba amekumbuka kuna matairi ghalani kwake, mtu fulani aliyasahau, na kwa kuwa yanaonekana ni ya ndugu wa kaka yake, yatarudishwa leo leo. Pole alikuja hadi kwangu, akainamisha kichwa, akasema, "Pole, Shangazi." Niliitazama mikono yake kwa mazoea. Ilikuwa imetulia. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema neno hilo na lisifuatwe na kitu.

Watu walipokuwa wanabeba viti nilimvizia Mzee Saa nyuma ya gari bovu. Nilimwambia ana wazimu. Hata kidole hakuwahi kunishika, na yeye anajua, na mimi najua.

"Nilitaka lakini," alisema.

Nikamwambia asinifanyie utani, jina lake sasa limechafuka na umri huu. Akavua miwani akaifuta kwa pindo la shati, na kuifanya chafu zaidi.

"Siku ile ya fagio nilikuacha usimame peke yako," alisema. "Mara ya pili nisingeweza."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, nimeyaweka tangu siku ile, yamepangwa kama rili za uzi kwenye rafu.  Nikamwambia alete ile kola ya shati, rangi ikikaa haitoki.

Nilirudi dukani nikakaa kwenye cherehani bila kushona. Nilikuwa nimechoka, na pia nilikuwa nimefurahi kwa namna ya kijinga, kama mtu aliyepitisha bidhaa mpakani. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Cheche angekuja kunishukuru, tungecheka, ningemwambia asimwambie mtu, na kesho maisha yangeendelea. Muuza mkaa alipita mlangoni, akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, akaendelea na safari yake. Nilimsonya.

Cheche aliingia jua likiwa bado lipo. Hakukaa kwenye kiti cha wateja. Alikaa kwenye ile stuli ndogo karibu na miguu yangu, ambayo watoto hukalia wakisubiri nguo zao za shule. Alikuwa ameshika kinyago chake cha kuchomelea, anakizungusha mikononi. Nilisubiri ashukuru.

"Pale kituoni," alisema, "walituambia kila mtoto ana mtu mahali fulani. Mimi nilikuwa nasema ni uongo wa kutulaza."

Akaacha kukizungusha kinyago. 

"Sikulaumu," alisema. "Nataka kujua tu. Kwa nini uliniacha?"

Ukweli ulikuwa mdomoni. Ulikuwa mfupi, maneno matatu au manne, na mimi ni mtu ambaye hajawahi kushindwa kusema ukweli kwa mtu yeyote, waulize wasichana wa mtaa. Nilimtazama. Mvi zake pembeni, mkono wa shati bado umekunjwa, na macho yaliyokuwa yakinitazama kutoka kwenye stuli ya watoto hayakuwa ya mtu wa miaka arobaini. Alikuwa ameamini. Watu wote pale yadini walikuwa wameamini kwa ajili ya umbea, yeye alikuwa ameamini kwa sababu alikuwa amengoja.

Nikamfikiria yule mwanamke mwenyewe, aliyemwacha, popote alipo, kama yupo. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hili. Pengine alikuwa na jibu na hakupata wa kumpa.

"Nilikuwa mdogo," nilimwambia, "na niliogopa. Kosa halikuwa lako. Hukuwa na kosa lolote, umesikia? Ulikuwa mtoto mzuri. Nisamehe."

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, akitazama sakafu. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nililia kweli, kwa kosa ambalo sikulifanya, na sijui kama kuna kosa langu halisi nililowahi kulilia hivyo. Yeye akakaa tu pale, akisubiri nimalize, kisha akaanza kuushusha mkono wa shati, mkunjo baada ya mkunjo, hadi kwenye kiganja. Kifungo hakikuwepo. Uzi mweusi ulikuwa unaning'inia.

Nikamwambia alete huo mkono. Nikatafuta kifungo cheupe na uzi mweupe, nikaanza kukishona akiwa amelivaa shati, ingawa mimi huwakatalia wateja wote jambo hilo. Macho yangu yalikuwa bado na maji na sindano niliiona mbilimbili.

"Mama," alisema.

Nikasubiri maneno mengine mawili yafuate. Hayakufuata.

"Mama, utanichoma."

"Basi tulia," nikamwambia, "usinichezecheze."